Nukta Mbili Kichwani mwa Shafti

Maiti ilikuwa chini ya injini, na watu kumi na wanne walikuwa wamesimama kuizunguka wakitoa maoni.

Inspekta aliwahesabu. Watatu walikuwa wamekanyaga damu na kuitembeza sakafuni hadi mlangoni. Mmoja alikuwa ameegemea injini yenyewe, amekunja mikono.

"Nani amegusa nini hapa?"

"Hakuna aliyegusa kitu, mama."

"Na wewe uliyeegemea kielelezo changu?"

Mwenye kuegemea alijiondoa taratibu, akapangusa kiganja kwenye suruali. Inspekta akafumba macho kidogo. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Jumanne, na tayari alikuwa amechoka kama siku ya Ijumaa.

Marehemu alikuwa msimamizi wa karakana hiyo ya kutengeneza mashine. Robo tatu ya saa kabla, winchi ya darini ilikuwa imenyanyua injini ya lori kuipeleka kwenye benchi la mafundi. Shafti ya winchi, ule mhimili wa chuma unaozungusha ngoma ya waya, ikakatika vipande viwili. Msimamizi alikuwa anapita chini. Hakupata hata muda wa kutazama juu.

Meneja alifika akiwa ameshika simu mbili.

"Inspekta, jambo hili halihitaji kuchimbwa. Uzito ulizidi. Tazama mwenyewe."

Ubavuni mwa injini kulikuwa na maandishi makubwa meupe: TANI 3. Juu, kwenye boriti ya winchi, palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: MWISHO TANI 2.

"Mwendesha winchi hajui kusoma?"

"Anajua sana. Ni ubishi tu."

Mwendesha winchi alikuwa kwenye kona, kati ya walinzi wawili. Alikuwa mtu mwembamba mwenye ovaroli iliyomzidi.

"Ulisoma hayo maandishi?" Inspekta alimwuliza.

"Nilipofunga minyororo hayakuwepo, afande."

"Yalikuja yenyewe?"

"Sijui yalikujaje. Niliyaona injini ilipokwisha kuanguka."

"Ndugu yangu, nina miaka kumi na saba kazini. Kila ninayemkamata na kitu ananiambia hakikuwepo."

"Hakikuwepo, afande."

Akapelekwa mahabusu. Kamanda wa kituo, ambaye alipenda mafaili membamba, alitoa amri kwa simu: mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu Ijumaa asubuhi kwa kosa la kuua bila kukusudia. Inspekta alikuwa na siku tatu, koplo mmoja, na gari moja lisilokubali kuwaka mpaka lisukumwe.

Mke wa mtuhumiwa alifika kituoni kabla ya mtuhumiwa mwenyewe kuandikishwa. Alikalia benchi la mapokezi kama mtu aliyelikodi.

"Dada, mume wangu hajazidisha uzito. Yule mtu hupima hata sukari ya chai."

"Mimi si dada yako. Mimi ni afande."

"Sawa, dada afande. Kaka yangu yuko karakana ileile, ndiye fundi wa tanuri. Watu wote wanamwita Fundi Tanuri. Mwulize yeye. Ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi."

"Nitamwuliza."

"Lini?"

"Ukiniacha nipite mlangoni."

Jumatano Inspekta alirudi karakana na swali moja dogo, ambalo lilimkosesha usingizi kwa jinsi lilivyokuwa dogo.

"Koplo, nani ameipima hii injini?"

Koplo alifungua daftari lake. "Meneja anasema tani tatu. Mtunza stoo anasema tani tatu. Mlinzi wa getini anasema tani tatu na ushee."

"Sikuuliza nani anasema. Nimeuliza nani ameipima."

Koplo alifunua ukurasa wa mbele, akafunua wa nyuma. "Hakuna, afande. Wote wamesoma maandishi."

"Watu wazima wote hawa. Mtu yuko ndani kwa ajili ya uzito, na uzito haujapimwa."

Ghala la jirani lilikuwa na mzani wa kupimia malori. Ilichukua asubuhi nzima, folklifti ya kuazima, na ugomvi na mwenye ghala aliyetaka barua yenye mhuri. Saa sita mzani ulisoma kilo elfu moja na mia sita.

Meneja aliutazama mzani kama umemtukana.

"Labda umeharibika."

"Panda wewe tuone kama unajua uzito wako," alisema Inspekta.

Meneja hakupanda.

Kwa hiyo mwendesha winchi alikuwa hajazidisha kitu, na mtu fulani alikuwa ameandika uongo kwenye chuma. Inspekta alipitisha kidole gumba juu ya ile TANI 3. Chaki ingefutika. Hii ilivutika kama mafuta ya mshumaa.

"Chaki gani hii?" alimwuliza mtunza stoo.

"Hiyo siyo chaki yetu. Hiyo ni kalamu ya nta ya tanuri. Anatumia Fundi Tanuri peke yake."

Chumba cha tanuri kilikuwa nyuma ya karakana, kimetengwa kwa ukuta wa matofali. Humo kila kitu kilikuwa na mahali pake: koleo zimepangwa kwa urefu, pipa la mafuta limefunikwa, sakafu imefagiwa. Fundi Tanuri alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, nyusi zimeungua nusu. Alimkaribisha Inspekta kwa heshima, akampangusia kiti.

"Kalamu hii ni yako?"

"Ni yangu. Nachora mstari kwenye chuma, nta ikiyeyuka najua joto limefika. Nina za aina tano."

"Ndiyo iliyoandika TANI 3."

"Inawezekana. Zinakaa kwenye ile rafu, na mlango huu hauna kufuli. Yeyote anaweza kuchukua."

"Uliandika wewe?"

"Afande, aliye ndani ni shemeji yangu, ameoa dada yangu. Niandike ili nipate nini?"

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta aliyachukia majibu mazuri. Yalimrudisha nyuma hatua tatu kila mara.

"Shafti iliyokatika ulichoma wewe?"

"Mimi. Zilikuwa mbili, zimetoka fimbo moja ya feleji, chuma cha pua. Moja ya kufunga, moja ya akiba."

"Ulizichomaje?"

Hapo Fundi Tanuri aliamka kidogo. Mgongo ulinyooka.

"Feleji ya shafti huingia motoni mara mbili, afande. Mara ya kwanza mpaka iwe nyekundu inayokaribia chungwa, halafu unaizamisha kwenye mafuta. Inakuwa ngumu. Lakini hapo bado ni hatari, ni kama kioo. Lazima irudi kwenye moto wa pili, mdogo, saa mbili, ipoe taratibu. Ndipo inapata ustahimilivu. Sasa kwa macho huwezi kujua ipi imepita moto mmoja na ipi miwili. Kwa hiyo niliweka sheria." Alichukua panchi, kijisumari kinene cha kugongea alama, akakishika kwa vidole viwili. "Nukta moja kichwani mwa shafti kabla ya moto wa kwanza. Nukta ya pili baada ya moto wa pili. Bila nukta mbili hakuna anayeruhusiwa kuifunga popote. Sheria hii ni yangu. Wameiiga karakana nyingine nne."

"Iliyokatika ilikuwa na ngapi?"

"Mbili. Umeiona mwenyewe."

Ni kweli alikuwa ameiona. Nukta mbili, pamoja, safi kama macho ya kunguru.

Inspekta alivichukua vipande vyote viwili vya shafti hiyo, pamoja na shafti ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo kwa uchakavu, akavipeleka chuo cha ufundi. Mkuu wa maabara ya vyuma alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na subira na polisi.

"Umeandika hapa 'kipande cha chuma'," alisema. "Chuma gani?"

"Ningejua nisingekuja kwako."

"Njoo kesho."

"Ijumaa mtu anakwenda mahakamani."

"Basi njoo kesho asubuhi."

Alhamisi saa mbili Inspekta alikuwa mlangoni. Usiku mke wa mtuhumiwa alikuwa amempigia simu mara sita. Mara ya mwisho alisema tu, "Kaka anasema nivumilie. Na wewe unasema nivumilie? Nijue ni wawili." Inspekta alikata simu, na hilo nalo lilimkera.

"Malighafi ni sahihi," alisema mkuu wa maabara. "Kaboni ya wastani, si ya msumari wala ya wembe. Ndani yake kuna kromi na molibdeni, na hizo ndizo zinazofanya ugumu uingie mpaka moyoni badala ya kubaki kwenye ngozi. Ni feleji ya shafti, giya, boliti za injini. Ukiitendea haki inabeba na inastahimili. Ikielemewa inapinda kwanza, inakupa nafasi ya kukimbia."

"Hii haikupinda."

"Haikupinda kwa sababu haikutendewa haki. Tazama mvunjiko." Aliuweka uso wa kipande chini ya taa. Ulikuwa bapa, wa kijivu, unametameta kama sukari iliyogandamana. "Hii imepasuka kama sahani. Kwenye kipimo chetu cha ugumu ilitakiwa isome karibu thelathini. Inasoma hamsini na sita. Ile ya zamani inasoma thelathini na moja. Imechakaa, lakini ingebeba mwezi mwingine mzima bila neno."

"Kwa Kiswahili cha mahakama?"

"Haikupita moto wa pili."

"Ina nukta mbili."

"Ndiyo, nami nukta hizo zimeniudhi." Alivuta hadubini. "Weka jicho. Hii ni shafti ya zamani. Nukta ya kwanza ndani nyeusi, imeshika gamba la moto. Ya pili inang'aa, tena haina kina, kwa sababu ilipigwa kwenye chuma kilichokwisha kuwa kigumu. Umeona? Sasa tazama iliyokatika."

Inspekta alitazama. Nukta zote mbili zilikuwa nyeusi ndani. Zote zilikuwa na kina kimoja.

"Zimepigwa pamoja," alisema.

"Zimepigwa pamoja kabla ya moto wowote, chuma kikiwa laini. Kwenye ugumu wa hamsini na sita panchi isingeingia. Ingevunjika ncha."

Inspekta aliinua kichwa. Aliwaza juu ya ile shafti nyingine, ya akiba, iliyotoka fimbo moja na hii.

Alisukuma gari yeye na koplo.

Karakana ilikuwa inanguruma. Utepe wa polisi ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati. Winchi ilikuwa inatembea darini, imebeba giya boksi, na chini yake watu walikuwa wanapita na vikombe vya chai.

"Zima!"

Winchi ilisimama. Meneja alitoka ofisini mbio.

"Inspekta, tulikuwa na shafti ya akiba. Wateja hawawezi kusubiri msiba uishe."

"Nani alikwambia uondoe utepe wangu?"

"Ulikuwa unazuia njia."

Inspekta alivuta pumzi ndefu. Kisha akaongea polepole, maana alijua akiongea haraka atasema maneno yasiyoandikika kwenye taarifa.

"Sasa nisikilize, na leo usinijibu. Saa ya chakula cha mchana utafunga geti. Fundi wako mmoja ataitoa hiyo shafti ya akiba mbele ya koplo na kunipa. Atairudisha ile ya zamani iliyopimwa, iko kwenye gari langu. Halafu itanyanyuliwa injini ndogo kuliko zote mlizo nazo. Ukimwambia mtu yeyote, utalala chumba kimoja na mwendesha winchi."

Meneja alizitia simu zake mbili mfukoni, akarudi ofisini.

Saa nane watu waliporudi, walikuta kiti cha mbao katikati ya sakafu. Juu yake, darini, ilining'inia injini ndogo. Inspekta alikuwa amesimama kando na daftari.

"Nataka kuchukua maelezo," alisema. "Kila mtu ataketi hapo dakika mbili, ataniambia alikuwa wapi Jumanne asubuhi. Mkerezaji, anza."

Mkerezaji, mtu mnene aliyeendesha mashine ya kuchongea vyuma, alikitazama kiti, akatazama juu.

"Pale juu kuna shafti gani, afande?"

"Nenda ukaangalie. Ina nukta mbili."

"Kama ina nukta mbili, sawa." Akaketi, kiti kikalia. "Nilikuwa kwenye mashine yangu. Nilisikia mlio, nikadhani ni tairi. Andika pia kwamba kiti hiki ni kibovu."

Mtunza stoo aliketi baada yake, akajibu haraka, akaondoka.

"Fundi Tanuri."

Fundi Tanuri hakusogea.

"Nitajibu nikiwa hapa, afande."

"Wenzako wameketi."

"Magoti yananiuma. Nikikaa siinuki."

"Jana ulikaa nami nusu saa na ukainuka kunifungulia mlango. Keti."

"Afande, si utaratibu kukaa chini ya mzigo."

"Kweli si utaratibu. Lakini Jumanne msimamizi wako alipita hapa na ulikuwa umesimama pale mlangoni kwako. Walinzi wamesema. Hukumwambia habari za utaratibu. Shafti ina nukta zako mbili, kwa sheria yako mwenyewe. Unaogopa nini?"

Mkerezaji alicheka kidogo, kisha akaacha. Fundi Tanuri alikuwa anatazama juu, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye zile nyusi zilizoungua.

"Uteremsheni huo mzigo," alisema.

"Keti kwanza."

"Nimesema uteremsheni. Hiyo shafti haijaiva."

Mkerezaji alitazama kiti alichokuwa amekalia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Iliyo juu ni ile ya zamani," Inspekta alisema. "Yako iko kwenye gunia la koplo. Sasa ingia ofisini uniambie yote, na tafadhali usinizungushe. Nimezungushwa wiki nzima."

Ofisini Fundi Tanuri aliketi bila kusumbuliwa na magoti.

"Ulipiga nukta zote mbili mapema. Kwa nini?"

"Chuma kikishapita moto kinakula ncha ya panchi. Niliomba panchi mpya mara tatu, msimamizi akasema nitumie niliyonayo. Ikawa ninapiga zote mbili chuma kikiwa laini. Lakini moto wa pili sikuacha kuupa. Kamwe. Isipokuwa mara hiyo."

"Mara hiyo ilikuwaje?"

"Zimetoka kwenye mafuta jioni. Msimamizi akataka tanuri kwa kazi ya haraka. Nikaziweka mezani, nizirudishe kesho yake. Kesho yake niliamka na homa. Nilipokuja kazini meza ilikuwa tupu. Wameona nukta mbili, wamechukua. Moja imefungwa juu, moja iko stoo."

"Hiyo ni lini?"

"Wiki tatu sasa."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Wiki tatu ulijua."

"Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitamwambia."

"Sentensi moja tu. 'Bosi, ile shafti ishusheni.' Ilikuwa inakushinda nini?"

Fundi Tanuri alitazama viganja vyake.

"Mwaka jana kulikuwa na msaidizi wangu. Nilimkuta amepiga nukta ya pili kabla ya moto. Shafti moja tu. Alinipigia magoti. Nikampeleka kwa msimamizi, nikataka afukuzwe mbele ya karakana nzima, akafukuzwa. Nilitoa hotuba, afande. Nilisema mtu wa namna hiyo ni muuaji."

Nje mashine zote zilikuwa zimezimwa.

"Na shemeji yako?"

"Ilipoanguka kila mtu alikimbilia jeki. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliandika. Sikumfikiria yeye, nilifikiria uzito. Nilipogeuka nikaona wamemshika, ndipo nikakumbuka ni zamu yake."

"Ungesema saa ileile, lingekuwa kosa la kazini. Lingekuuma, lakini lingekuwa kosa la kazini. Sasa umeghushi ushahidi, umemweka mtu ndani, jana umeniangalia usoni, na leo umeiacha shafti ya pili izunguke juu ya vichwa vya wenzako. Walikuwa wanapita na chai, unajua hilo?"

"Najua. Sikuwa natoka nje ya chumba changu."

Inspekta alifunga daftari. Alikuwa na hamu ya kumpiga mtu na hamu ya kulala, na zote mbili hazikuruhusiwa.

Saa kumi na moja jioni mwendesha winchi alitia saini ya kutoka, akapewa mkanda wake na kamba za viatu. Mkewe alisimama kutoka kwenye benchi, akamshika uso kwa mikono miwili, akamkagua meno na masikio kama anayempokea kutoka dukani. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Ahsante, dada afande. Nani aliyeandika?"

Inspekta alikuwa ameandaa maneno garini. Yalikuwa yamepotea yote.

"Kaka yako."

Mwanamke alibaki ameshika mkono wa mumewe.

"Jana usiku alikuja nyumbani," alisema. "Nilimwomba anisaidie kutafuta wakili. Akaniambia nivumilie, akala, akaondoka."

"Nenda nyumbani, mama. Mumeo amechoka."

"Yuko wapi kaka?"

"Ndani. Kesho asubuhi atakwenda kwa hakimu. Usiku huu anahamishiwa kituo kikuu."

Mwanamke akarudi kwenye benchi, akaketi.

"Tunasubiri nini tena?" mumewe aliuliza kwa sauti ndogo. "Twende zetu."

"Wewe tangulia nje. Mimi nataka apite hapa. Sina la kumwambia. Nataka anitazame tu."

Koplo alikuja kutoka nyuma, funguo mkononi.

"Afande, mtuhumiwa yuko tayari. Gari liko mlango wa nyuma, tena limekubali kuwaka."

"Mpitishe mbele."

"Afande, gari liko nyuma."

"Koplo, nimekusikia mara ya kwanza," alisema Inspekta. "Mpitishe mbele."